UZI: Chokoleti ya maziwa isiyoyeyuka Mtwara, ndani yake kuna nini?

#1 BintiShangani

Wakuu, salaam. Nauza korosho za kukaanga hapa Mtwara mjini, na tangu nianze kuzipaka chokoleti ya maziwa nasutwa kaunta kila kukicha. Mteja anashika korosho zangu, vidole vinachafuka. Anageuka kutazama ile chokoleti ya bei chee iliyopangwa kwenye kioo cha duka la jirani: kavu, ngumu, rangi ile ile ya kahawia iliyopauka, jua la Januari linaipiga tangu asubuhi na wala haijali. Hapo hapo anahukumu: "Dada, hii ya kwako feki. Ya kweli hailainiki."

Jamani, ni kinyume chake. Nimechoka kueleza mmoja mmoja, acha niandike hapa mara moja, halafu mtu akiniuliza namtumia uzi.

Chokoleti inashikiliwa na siagi ya kakao, yaani mafuta yanayotoka kwenye mbegu yenyewe ya kakao. Mafuta haya yana tabia ya pekee: chini kidogo ya nyuzijoto 34 ni magumu, ukivuka hapo yanaachia karibu yote kwa mpigo. Mdomo wako una 37. Ndiyo maana kipande kizuri kikikaa juu ya ulimi kinayeyuka chenyewe bila kutafunwa. Utamu wote wa chokoleti umesimama kwenye pengo hilo dogo la nyuzijoto tatu.

Sasa pengo hilo hilo ndilo linalotuumiza huku kwetu. Msimu wa kaskazi, kuanzia Novemba mpaka Machi, ndani ya duka la bati saa nane mchana ni tanuru. Na ya maziwa inaumia mapema kuliko ile nyeusi, kwa sababu imeongezewa mafuta ya maziwa, na mafuta ya maziwa yakichanganyika na siagi ya kakao yanailainisha.

Ile ya kwenye kioo haina ujanja wowote. Siagi ya kakao imetolewa, mahali pake pamewekwa mafuta mengine ya bei rahisi, mara nyingi ya kokwa za mchikichi yaliyofanyiwa kazi kiwandani yawe magumu. Ladha wanaidai kwenye kakao ya unga, yale makapi yanayobaki baada ya mbegu kukamuliwa mafuta yake. Ongeza sukari nyingi, maziwa ya unga kidogo, vanila ya maabara. Rangi inatoka vile vile. Waoka keki wanaiita kompaundi.

Namna ya kuitambua: geuza pakiti. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Ukikuta siagi ya kakao na kakao iliyosagwa, hiyo ni chokoleti. Ukikuta sukari, kisha mafuta ya mimea, halafu kakao ya unga kwa mbali huko chini, hapo umeshika kitu kinachofanana na chokoleti ya maziwa. Ulimi nao unajua. Ya mafuta mengine haiyeyuki vizuri, inaacha utando kwenye kaakaa, unabaki unaulamba.

Karibuni tujadili.

#2 Kuchele_Daima

Mtwara kucheleee! Dada umenifungua macho. Ule utando kwenye kaakaa nilikuwa nadhani ni maziwa.

#3 ChunoKwetu

Mi naona unatafuta lawama tu. Tamu ni tamu. Mtoto akilia dukani atakuuliza mafuta ya kokwa au mafuta ya nini? Na hiyo ya siagi ya kakao nani ataimudu?

#4 BintiShangani

@ChunoKwetu kaka yangu, sijasema ni sumu. Mimi mwenyewe natumia kompaundi kwenye keki za harusi za mchana, maana bibi harusi hawezi kusubiri kusi ianze kuvuma ndipo aolewe. Ninachokataa ni mtu kulipishwa bei ya kitu kimoja na kupewa kingine, halafu yule anayeuza kitu chenyewe ndiye anaitwa tapeli.

#5 FundiKeki_Lindi

Da Binti, swali la kitaalamu. Nina ile chokoleti nyeusi nzuri, rafiki yangu aliniletea kutoka Dar. Nikiiyeyusha nikamimina maziwa ya ng'ombe, si inakuwa ya maziwa? Kwa nini nihangaike kuagiza nyingine?

#6 BintiShangani

@FundiKeki_Lindi usithubutu, utaitupa yote! Kijiko kimoja cha maziwa kikiingia kwenye sufuria ya chokoleti iliyoyeyuka, unaona inakakamaa mbele ya macho yako, inakuwa tope la punjepunje. Maziwa ya ng'ombe karibu yote ni maji. Sukari iliyomo kwenye chokoleti ni kavu kabisa, imezungukwa na mafuta pande zote. Tone la maji likipita, chembe za sukari zinalowa, zinashikana, na mafuta yanabaki pembeni. Hata mvuke wa sufuria ya chini unatosha kuiharibu. Ukimimina maziwa mengi sana inarudi kuwa laini, lakini hapo umepata mchuzi wa kumwagia keki. Haitaganda tena ikavunjika.

Wenzetu wa Uswisi waliumia na jambo hili hili. Kuna bwana anaitwa Daniel Peter, wa mji wa Vevey. Alianza maisha akitengeneza mishumaa. Akaoa binti wa ukoo wa Cailler, waliokuwa watengeneza chokoleti, na biashara ya mishumaa ikawa inazidiwa na taa za mafuta, akahamia ukweni kikazi. Alihangaika miaka na maziwa. Maji yalikuwa yanabaki ndani, chokoleti inavunda. Jirani yake alikuwa Henri Nestlé, yule wa chakula cha watoto, mtu aliyekuwa anajua kukausha na kukoleza maziwa. Peter akafika mahali pa kuyaondoa maji kwanza ndipo ayakutanishe na kakao. Chokoleti yake ya maziwa inahesabiwa kuanzia mwaka 1875.

Miaka minne baadaye, 1879, Rodolphe Lindt wa Bern akatengeneza mashine ya kuikoroga chokoleti kwa muda mrefu ikiwa moto mpaka iteleze. Kabla yake chokoleti ya kula ilikuwa inakwaruza meno.

Kwa hiyo dada, tumia maziwa ya unga, na hata hayo ukiyakoroga tu nyumbani utabaki na mchanga ulimini. Kiwandani wanayasaga pamoja na sukari na kakao mpaka chembe isionekane kwa ulimi. Blenda zetu hizi haziwezi.

#7 FundiKeki_Lindi

Ahsante sana. Umeokoa chokoleti ya watu.

#8 Mstaafu_Bandari

Binti yangu, umeeleza vizuri. Nami niongeze kidogo, maana nilipokuwa kazini nilipenda kusoma makaratasi ya mizigo kuliko mizigo yenyewe.

Hili jambo la nini kiitwe chokoleti ya maziwa limewagombanisha wakubwa karibu miaka thelathini. Uingereza na Ireland walipoingia Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973 waliingia na chokoleti yao: maziwa mengi, kakao kidogo, na mafuta ya mimea yameongezwa humo. Wabelgiji, Wafaransa, Waitalia na Wahispania wakasema hiyo isiitwe chokoleti, mafuta yawe ya kakao peke yake. Maneno yakaenda, yakarudi. Ndipo mwaka 2000 wakatoa sheria ya pamoja: mafuta mengine yaruhusiwe, lakini yasizidi asilimia 5, na pakiti iseme wazi kwamba yamo. Hispania na Italia bado wakagoma, wakataka ile ya Waingereza iandikwe kuwa ni mbadala wa chokoleti. Mahakama ya Ulaya ikawakatalia mwezi Januari 2003.

Viwango vyenyewe ni hivi. Chokoleti ya maziwa Ulaya inatakiwa iwe na kakao kavu isiyopungua asilimia 25 na maziwa makavu asilimia 14. Kwa ile ya Kiingereza, kakao asilimia 20 na maziwa asilimia 20. Marekani wao wanaridhika na kakao asilimia 10 na maziwa asilimia 12, lakini mafuta ya mimea hawayataki humo ndani. Kila mtu ana mahali anapobana na mahali anapolegeza.

Kilichonichekesha ni orodha ya yale mafuta mengine yanayoruhusiwa. Yako sita tu, na moja ni mafuta ya kokwa ya embe. Sisi hapa Mikindani kokwa za embe tunazipiga teke barabarani.

#9 Kuchele_Daima

Mzee wetu, shikamoo! Kokwa za embe?! Kesho naanza kuokota.

#10 Mstaafu_Bandari

Marahaba kijana. Okota, lakini mashine ya kukamua utainunua na nini?

#11 ChunoKwetu

Basi nikubali kidogo. Lakini nauliza: hao wazungu wameenda mwezini, wameshindwa kutengeneza chokoleti halisi isiyoyeyuka?

#12 Msoma_Magazeti

@ChunoKwetu hawajashindwa, walitengeneza, ikawa hailiki. Mwaka 1937 jeshi la Marekani kupitia kapteni mmoja, Paul Logan, lilikwenda kwa kampuni ya Hershey likataka kipande cha chokoleti cha askari: kiwe na uzito wa aunsi nne, yaani karibu gramu 113, kiwe na nguvu nyingi mwilini, kivumilie joto kali, na utamu wake uzidi kidogo tu ule wa kiazi cha kuchemsha. Sababu ya sharti hilo la mwisho ni kwamba kikiwa kitamu askari watakimaliza njiani kabla ya dhiki yenyewe kufika.

Wakapunguza sukari, wakatia unga wa oti (oats). Mchanganyiko ulikuwa mzito hauwezi kumiminika, ukawa unashindiliwa kwenye vibao kwa nguvu. Askari walikichukia. Mwaka 1943 wakaja na kingine cha kupelekwa nchi za joto, wakaboresha ladha. Bado hakuna aliyekimbilia.

Jibu lako ndilo hilo. Ukizuia isiyeyuke mfukoni, umeizuia isiyeyuke mdomoni.

#13 BintiShangani

@Msoma_Magazeti hiyo ya kiazi cha kuchemsha nimeipenda, nitaibandika dukani.

#14 Mkyela_Halisi

Habari za kusini, watani. Mimi niko Kyela, nalima kakao, na nimecheka peke yangu kuona watu wa korosho wanagombania kitu chetu.

Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inatoka huku kwetu Kyela, nyingine Morogoro, upande wa Kilombero. Niwaambie tu kwamba ile ladha mnayoiita ya chokoleti haipo kwenye mbegu mbichi. Ukipasua tunda, mbegu zimevikwa ute mweupe mtamu wenye uchachu, watoto wanaunyonya. Mbegu yenyewe ukiing'ata ni chungu, utaitema. Tunazivundika siku tano mpaka saba kwenye masanduku au kwenye majani ya migomba, tunazigeuza, zinapata joto zenyewe mpaka mkono hauvumilii. Harufu yake ni ya siki. Mbegu inakufa ndani kwa ndani, na hapo ndipo ladha inapoanza kujengwa. Kisha tunaanika. Ukiruka kuvundika, hata uikaange vipi haitanukia chokoleti.

Mwaka 2024 bei ya dunia ilipanda mpaka tukashangaa, ilivuka dola 10,000 kwa tani mwishoni mwa Machi, kwa sababu Ivory Coast na Ghana mavuno yaliharibika kwa magonjwa na hali ya hewa, na hao wawili ndio wanaobeba zaidi ya nusu ya kakao ya dunia. Kwa hiyo dada wa Shangani, ukiona kompaundi zimejaa madukani ujue viwanda navyo vilikimbia bei hiyo. Huko Uingereza mwaka 2025 kuna biskuti maarufu, Penguin na Club, zilipunguziwa kakao mpaka sheria ikazizuia kujiita za chokoleti, sasa zinaandikwa zina ladha ya chokoleti.

#15 BintiShangani

Mtani wangu wa Kyela, karibu sana! Huo ute mweupe umenikumbusha mabibo, yale matunda ya mkorosho. Na sisi huku tunda tunalikamua, wengine wanapika pombe ya uraka, mbegu ndiyo inapanda meli. Sote tunauza kwa stakabadhi ghalani, sote tunarudishiwa bidhaa yetu ndani ya karatasi inayong'aa.

#16 Mkyela_Halisi

Na bei ya karatasi imeongezwa humo humo 😂

#17 Naliendele_Njiapanda

Tuache historia kidogo. Mimi nataka kuanza biashara kama ya kwako. Nimejaribu kupaka korosho chokoleti ya maziwa halisi, siku ya kwanza zinapendeza, baada ya wiki zinapata ukungu mweupe. Wateja wanasema zimeoza. Nifanyeje?

#18 BintiShangani

@Naliendele_Njiapanda ukungu huo si wa kuoza, na korosho zinaliwa bila wasiwasi, ila sura imekufa na sura ndiyo inayouza. Chanzo ni zaidi ya kimoja, twende taratibu.

Kwanza uigande vizuri. Siagi ya kakao inaweza kuganda kwa maumbo sita, na tunalolitaka ni la tano peke yake. Hilo ndilo linalong'aa, linavunjika kwa mlio, na linavumilia hadi karibu na zile nyuzijoto 34. Mengine ya chini yanalegea mapema, na baada ya siku chache mafuta yanapanda juu kujipanga upya. Weupe wako mmojawapo ndio huo. Dawa yake ni kipimajoto na subira. Yeyusha theluthi mbili ya chokoleti juu ya maji ya moto mpaka nyuzijoto 45, usizidishe, maziwa yakiungua huyarudishi. Toa sufuria, futa maji chini. Theluthi iliyobaki ikatekate vipande vidogo, itie, koroga bila kusimama. Vile vipande vigumu vina umbo la tano tayari, vinaifundisha iliyoyeyuka. Inashuka mpaka 29 au 30, hapo ndipo pa kuchovya. Nyeusi inafanyiwa kazi juu kidogo, 31 hadi 32. Chovya ncha ya kisu, weka pembeni. Ikikauka ndani ya dakika chache ikiwa inang'aa bila mistari, endelea. Ikibaki na unyevunyevu, hujafika.

Sasa chumba. Ukifanya kazi hiyo saa saba mchana mwezi Desemba, hata Mswisi atashindwa. Mimi naamka alfajiri, au nafanya usiku feni zote zikiwa zimezimwa na kiyoyozi kimewashwa mapema. Kama huna kiyoyozi, subiri Juni na Julai, kusi ikivuma.

Jambo la pili wengi hawalijui, na kwa korosho ndilo kubwa. Punje ya korosho karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Yale mafuta hayatulii. Yanapenya polepole kwenye chokoleti iliyoizunguka, yanailainisha kwa ndani, na siagi ya kakao inasukumwa nje. Joto likiwa kali yanakwenda haraka zaidi. Viwandani wanaivika korosho kwanza koti jembamba la gundi ya mgunga na sukari ili kuziba njia. Nyumbani unaweza kuizungushia sukari iliyoyeyushwa, lakini kwa hewa yetu ya pwani sukari hiyo inavuta maji usiku mmoja tu, asubuhi inanata. Ukiamua kuitumia, ichovye kwenye chokoleti siku ile ile, ikiwa imepoa tu.

Korosho yenyewe iwe kavu. Uikaange, ipoe kabisa, ndipo uipake. Ukiipaka ikiwa bado vuguvugu, umeiharibu ile kazi yote ya kipimajoto.

#19 Naliendele_Njiapanda

Duh. Na friji je? Mimi huwa naweka friji ili zisiyeyuke.

#20 BintiShangani

Hapo ndipo panapotoka ule weupe wa aina nyingine. Unazitoa kwenye baridi, unaziweka mezani, hewa ya Mtwara yenye maji inazivamia, zinatoka jasho. Jasho linayeyusha sukari ya juu, likikauka linaacha chembe. Pitisha kidole: ule wa mafuta unateleza na kufutika, huu wa sukari unakwaruza.

Friji siikatazi, bila friji huku utafunga biashara. Ila weka kwenye kopo linalofunga vizuri, na ukitoa, liache limefungwa mpaka kopo lipate joto la chumba. Jasho litoke juu ya kopo. Watu wanakosa subira hapo, wanafungua kuonja.

#21 ChunoKwetu

Swali la mwisho na mimi nanyamaza: kwa nini usichanganye nusu halisi nusu kompaundi? Upate ladha ya huku na ugumu wa kule.

#22 BintiShangani

Wazo zuri la mfukoni, lakini mafuta hayo mawili hayaelewani. Siagi ya kakao na mafuta ya kokwa za mchikichi yakikutana kwa kiasi hicho yanazuiana kuganda. Unapata kitu laini kuliko vyote viwili, na weupe unakuja mapema. Chagua upande mmoja, na vyombo uvioshe kati ya kazi moja na nyingine.

#23 FundiKeki_Lindi

Da Binti, unatumia korosho daraja gani? Nikienda kwa wabanguaji wananitajia herufi na namba nabaki natoa macho.

#24 BintiShangani

Ile W ni nyeupe nzima, namba ni idadi ya punje kwenye ratili moja, gramu 454. W320 maana yake ni punje 300 mpaka 320 kwa ratili. W180 ni kubwa mno, zile za kuwapa wageni wa heshima, na bei yake inauma. Namba ikipanda punje inapungua.

Za kuchovya moja moja natumia W320. Lakini ushauri wangu kwako, nunua vipande. Bei ni rahisi sana ukilinganisha na nzima, ladha ni ile ile, na ukivichanganya na chokoleti ukadondosha madonge madogo kwenye karatasi, hakuna atakayejua kama ilikuwa nzima. Angalia tu pasiwe na ule utando wa ndani uliobaki, unaleta uchungu. Na zinuse. Korosho iliyokaa ghalani vibaya inanuka mafuta yaliyochacha, na chokoleti haifichi harufu hiyo hata kidogo.

Kitu kinachoniudhi kwenye biashara hii ni kalenda. Korosho mpya zinashuka Oktoba mpaka Desemba, zikiwa tamu kabisa, na hapo hapo joto linapanda. Miezi mizuri ya kupaka chokoleti ni ile ambayo korosho imeshakaa. Kwa hiyo msimu ukianza naweka akiba, zilizofungwa bila hewa, za kufanyia kazi Juni.

#25 Mama_Wawili_Masasi

Jamani sisi ambao hatuna kipimajoto wala kiyoyozi, hatuna letu? Watoto wangu wanataka chokoleti sasa hivi na huku Masasi jua linawaka.

#26 BintiShangani

Mama, lako lipo, na mimi kaskazi yote ndilo linaloniweka mjini. Pika kashata za korosho za kakao. Vikombe viwili vya korosho zilizokaangwa na kupondwa nusunusu, kikombe kimoja cha maziwa ya unga, vijiko vitatu vya chakula vya kakao ya unga. Changanya vikavu pamoja kwanza, kakao ikikutana na sukari ya moto peke yake inafanya madonge. Pembeni weka sukari vikombe viwili na maji nusu kikombe jikoni, chemsha mpaka ukidondosha tone kwenye maji baridi likae donge linaloshikika. Tia chumvi kidogo sana. Epua, mimina vile vikavu, koroga kwa nguvu na haraka, tandaza kwenye sinia lililopakwa samli, kata kabla haijapoa. Ukichelewa utaikata kwa panga.

Haiyeyuki, kwa sababu inashikiliwa na sukari. Rangi ni ile ile ya chokoleti ya maziwa. Wala siiiti chokoleti.

#27 Mama_Wawili_Masasi

Ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie. Samli ninayo.

#28 Mstaafu_Bandari

Na mbwa wasipewe mabaki, wala ya kashata hizo. Kakao ina kemikali ambayo mwili wa mbwa unaitoa polepole mno, inamdhuru, na ikizidi inamuua. Kakao ya unga ni kali zaidi kwao kuliko chokoleti ya maziwa.

#29 Naliendele_Njiapanda

Vibali umeanzia wapi?

#30 BintiShangani

SIDO mkoa, shirika la viwanda vidogo. Wanakupa mafunzo na barua ya kukutambulisha TBS, shirika la viwango. Chakula siku hizi kiko chini ya TBS, tangu 2019, usizunguke kutafuta ile ofisi ya zamani. Wakati wa lebo andika kilichomo. Ukipaka kompaundi, andika korosho zilizopakwa mchanganyiko wa kakao na mafuta ya mimea. Jina ni refu, najua, punguza ukubwa wa picha.

#31 Kuchele_Daima

Dada nina oda ya Nachingwea, shemeji anataka zile halisi za maziwa kilo tano, zisafiri na basi la kesho mchana. Unaweza?

#32 BintiShangani

Mwezi huu, kwenye buti la basi? Utapokea uji. Shemeji mwambie achague: nimpe kashata leo, au nyeusi ndani ya kopo lenye barafu kwa basi la alfajiri na wewe ukalipokee mwenyewe stendi. Za maziwa nitamwandikia jina la mwezi Juni, atangulize nusu ya pesa.

#33 Kuchele_Daima

Amesema kashata. Na anauliza kama unapunguza bei.

#34 BintiShangani

Sipunguzi.